Pindo la Safari

Dada yangu ni fundi cherehani, na hapa mjini ukiuliza fundi wa sare za shule utaelekezwa kwake tu, hata kama unayemuuliza ana ndugu yake anayeshona. Wateja wanamwita Bi Pindo, na jina hilo halikuja bure. Gauni la mtoto wa darasa la kwanza akilishona yeye, ndani ya pindo la chini anaficha kitambaa cha kumfikisha mtoto darasa la nne. Mtoto akirefuka, mama mtu analirudisha, dada analifumua, analishusha, anapiga mshono mpya, mimi napiga pasi, kazi kwisha. Kina mama wanampenda kufa. Wenye maduka ya nguo wanamnunia.

Mimi ni mdogo wake. Pale dukani mimi ni wa vifungo, pasi na maneno. Yeye anashona na kunyamaza, mimi naongea kwa niaba ya wote wawili. Kwa hiyo habari za ile safari ukizisikia kwangu usidhani natia chumvi. Nilikuwepo tangu siku ya kwanza, na mpaka leo zinaniuma kama zilinipata mimi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Kuna cherehani mbili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na meza ya kukatia ambayo chini yake mna magunia ya vipande vya vitambaa. Watoto wa dada wakitoka shule walikuwa wanakuja hapo moja kwa moja. Wako watatu. Wa kwanza ni binti, tunamwita Bosi kwa sababu tangu ajue kusema anatoa amri. Wa pili ni mvulana, Kasuku, ambaye utotoni alikuwa anarudia kila neno la dada yake. Wa mwisho ni Punje, na huyo jina linajieleza: alizaliwa kadogo, akaendelea kuwa kadogo. Baba yao, shemeji yangu, ni fundi wa majokofu, mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, anayeomba radhi ni yeye.

Mambo yalianza na mama mmoja mwenye ofisi ya kupeleka watu ng'ambo. Alikuja kushonesha sare za wafanyakazi wake, tukamzoea, tukawa tunamwita Wakala. Siku ya vipimo alisahau kijitabu cha picha mezani. Bosi, wakati huo yuko darasa la tatu, alikuwa chini ya meza ya kukatia, makao yake makuu. Mkono ukatoka huko chini, ukakibeba.

Baada ya muda akatoka na uso unawaka.

"Mama, twende huku."

Dada alikuwa na pini mdomoni. "Wapi?"

"Huku. Viwanja vya michezo. Tupande Treni ya Mayowe."

"Treni ya Mayowe," Kasuku akasema.

Nikachungulia. Lo! Palikuwa na vikombe vya chai vikubwa vinavyozungusha watu, mashua zinazopita ndani ya pango, na hiyo treni yenyewe, imepanda reli mpaka juu ya miti, halafu inajitupa chini na watu wamefumba macho midomo wazi. Jina la Treni ya Mayowe alilitunga Bosi mwenyewe. Mimi nikacheka, nikadhani ni ya mtoto yale, yatapita. Lakini dada akatema pini, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, na jioni shemeji alipopita kuwachukua akamwonyesha.

Niseme mapema kwamba pesa hazimo katika kisa hiki. Mwaka ule tulikuwa na kazi ya shule kubwa, shemeji naye alikuwa anahudumia majokofu ya hoteli. Wangeweza kwenda. Ingekuwa ufukara ningelaumu ufukara, nikapumua.

Basi nyumba ikawa haina habari nyingine. Kila Jumapili mezani ni safari, safari, safari. Shemeji akatafuta hali ya hewa ya huko. Kasuku akaanza kulala na begi lake la shule kitandani, limejaa, asije akaachwa. Na Bosi akapanga viti vya kwenye treni, amri zikitoka moja moja.

"Baba, Kasuku na Punje nyuma. Mimi na Mama kiti cha mbele kabisa. Mama, hata ukiogopa usifumbe macho."

"Sifumbi."

"Sema kweli."

"Kweli, mwanangu. Mimi na wewe, kiti cha mbele."

Nilikuwa ninashona kifungo siku hiyo, nilisikia kwa masikio yangu. Bosi akamkumbatia mama yake kiunoni, futi ya kupimia ikamnasa shingoni, wakacheka wote wawili.

Kilichoharibu ni dubu. Wakala alikuja kuchukua sare zake, na katika kueleza habari za hiyo treni akasema kuwa mlangoni amesimamishwa dubu wa mbao, amenyoosha mkono. Mtoto akipita chini ya mkono bila kuugusa kwa kichwa, hapandi. Urefu wenyewe umeandikwa humo kijitabuni. Dada akavuta futi shingoni, akamsimamisha Punje ukutani, akapima. Punje hakuwa amefika hata kiunoni kwa dubu.

"Hiyo si shida," Wakala akasema. "Wazazi wanapokezana. Mmoja anabaki chini na mdogo, wengine wanapanda. Kuna na vya kupanda vya wadogo pia, hatakosa."

Dada akatikisa kichwa. Nilijua kwa nini kabla hajafungua mdomo.

Dada alipokuwa mtoto, mimi nikiwa bado mgongoni kwa mama, yalikuja mtaani kwetu mabembea ya kuzunguka, yale ya viti vya minyororo. Baba akawapeleka yeye na kaka zetu wawili. Mwenye mabembea akawatazama, akamtoa dada, akasema huyu bado. Kule juu viatu vinaruka, kwa hiyo wanaopanda wanavua. Kaka zetu wakavua, baba naye akavua, wote wakampa dada avishike. Akasimama kwenye uzio amekumbatia viatu vya watu, wenzake wanapita juu wanampungia mkono. Baadaye baba alimnunulia pipi. Dada ana duka sasa, ana watoto watatu, na habari ya vile viatu bado anaisimulia kama ya jana.

"Hakuna mwanangu atakayebaki chini kushika viatu vya wenzake," akamwambia Wakala. "Tutakwenda wote, tupande wote. Huyu ataongezeka tu. Tusubiri kidogo."

Kidogo! Neno hilo nikilisikia siku hizi nataka kutupa kitu.

Mwenyewe hakuliona kama ni kuvunja safari. Aliona anaiandaa vizuri. Wiki ileile akakata jora la rangi ya machungwa, iliyokolea, ya kuonekana kwenye umati ili watoto wasipotee huko ng'ambo. Bosi gauni, wavulana mashati na kaptura. Na unavyomjua Bi Pindo, aliachia. Pindo la gauni la Bosi lilikuwa zito mpaka likawa linambembeza mtoto magotini. Kisha akachukua chaki yake ya kukatia, akachora mstari ukutani pembeni ya kioo, kimo cha mkono wa dubu.

Mwaka wa kwanza Punje akasimama kwenye mstari, wapi. Wa pili, wapi. Jamani, mtoto yule alilishwa! Mayai, maziwa, samaki, mpaka akiuona uji anakimbia. Shemeji akamfungia bomba mlangoni ajinyooshe, akawa ananing'inia hapo jioni huku anaimba. Mikono ikapata nguvu, urefu ukagoma. Kila likizo ikikaribia dada anashusha nguo za machungwa kutoka kwenye hanga, anafumua pindo, anashusha, anashona upya, anazirudisha. Kila aliposhusha, pale pindo la zamani lilipokuwa pakabaki mstari, rangi imekolea zaidi upande mmoja. Mimi napiga pasi, nanyunyiza maji, mstari hautoki.

Nikamwambia. Mimi sinaga dogo moyoni.

"Dada, niachie Punje mimi. Atalala kwangu, atakula, hatakumbuka. Nyinyi nendeni na hawa wawili."

"Halafu akikua aone picha?"

"Akikua mpelekeni tena!"

"Mdogo wangu, wewe hukushika viatu."

"Sikushika, ndiyo. Lakini Bosi anakua."

"Si nimemwachia pindo?"

Shemeji naye nilimvuta pembeni, nikamwambia awe mwanaume, aseme. Akajikuna shingo. "Shemeji, nimesema. Anasema mwakani." Basi, akarudi kwenye majokofu yake.

Kuna siku moja sitaisahau. Bosi alikuwa amekaribia kumaliza shule ya msingi. Nilimwona chini ya meza anachagua vipande vya kitambaa gunia zima, anakunja, anashindilia. Nikadhani anashona mwanasesere. Siku ya kupima ikafika, Punje akaja anatembea kama anakanyaga mayai, Bosi anamshika mkono. Akasimama ukutani. Kichwa, jamani, kimegusa mstari!

"Mama, amefika!" Bosi akapiga kelele. "Amefika! Mpigie Wakala!"

"Mpigie Wakala!" Kasuku naye.

Dada akainama kuangalia. Fundi ni fundi. Akasema, "Hebu vua viatu."

Punje akamtazama dada yake. Akavua. Vitambaa vikamwagika sakafuni, vya kaki, vya buluu, vya sare za nusu ya mji, na Punje akashuka palepale mbele ya macho yetu. Tulicheka! Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Dada akafuta machozi kwa futi, akasema, "Huyu mtoto atakuja kuwa mwanasheria." Mimi pia nilicheka, kisha nikamwangalia Bosi. Alikuwa anaokota vile vipande kimoja kimoja, anavirudisha guniani. Hakuinua uso. Alipomaliza akaenda kukaa nje kwenye ngazi, na hakuna aliyemfuata.

Baada ya hapo maswali yakapungua. Zamani alikuwa anauliza kila wiki, "Mama, lini?" Kisha kila muhula. Kisha ikawa akiulizwa na wageni, "Nasikia mnakwenda ng'ambo?" anajibu, "Mama ndiye anayejua." Akaingia sekondari. Meza ya kukatia ikawa haimwenei chini yake, akahamia kwenye kiti cha wateja na vitabu vyake, na zile amri zake zikawa chache. Akawa na marafiki wanaomsubiri nje wasiingie. Dada hakuona kitu. Kwake yeye safari ilikuwa palepale ukutani, kwenye chaki, inangoja.

Na kweli Punje akarefuka. Ilikuwa kama aliyeamka usingizini. Suruali zikaanza kumwacha vifundo nje, na siku moja bila kuitwa akaenda mwenyewe ukutani, miguu mitupu, akasimama. Mstari ukakaa kwenye paji la uso. Dada akapiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja mbio na nyundo mkononi akidhani tumeibiwa. Wakala akapigiwa. Tarehe zikapangwa. Kijitabu kikatafutwa, kikapatikana, kimechakaa.

Jioni ile Bosi alipotoka shule, dada alikuwa amekwisha kushusha pindo la gauni la machungwa kwa mara ya mwisho. Hapakuwa tena na kitambaa cha kushusha. Akamtuma nyuma ya pazia akavae. Akatoka, na kweli urefu ulikuwepo, mpaka magotini, sawasawa. Lakini mgongoni zipu ilikuwa wazi.

"Pumua ndani," dada akasema, anavuta.

"Mama, haifungi."

"Kaza kidogo."

"Mama. Haifungi."

Dada aliachia chini akaachia tena, kifuani na mabegani hakuachia kitu. Mtoto hakui kwenda chini tu. Akabaki ameshika ile zipu kwa vidole viwili, na kwenye kioo nikaona Bosi anamtazama mama yake. Walikuwa kimo kimoja.

"Nitatia kipande pembeni," dada akasema.

"Usijisumbue. Nitavaa fulana."

"Hutaki kwenda?"

"Nitakwenda, Mama. Umesubiri sana."

"Si tumesubiri wote?"

Bosi akageuka. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeipenda zaidi. "Mimi niliacha zamani," akasema. "Nilikuwa natamani mpaka naumwa tumbo. Nilikuwa nalia chooni usinisikie. Sasa nitakwenda kwa ajili yenu, nami nitafurahi, usiwe na wasiwasi."

Akarudi nyuma ya pazia kubadilisha. Dada akaketi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga. Ilimchukua muda kutambua kwamba hakuweka uzi.

Wakaenda. Mimi nikabaki na duka. Wakanitumia picha: Kasuku kwenye kikombe, Kasuku wa siku hizi, mrefu, sauti nzito, Punje na dubu, Punje amejinyoosha kama askari, shemeji ameshika tumbo. Katika picha zote Bosi yumo kidogo, pembeni, au hayumo kwa kuwa ndiye anayepiga. Nikawa nawaonyesha wateja, nikajisemea, haya, mwisho mwema, nilikuwa naogopa bure.

Waliporudi dada alinipa kanga na viatu vya wazi, akavaa futi yake shingoni, akashona wiki nzima bila neno. Mimi nimemzoea, lakini kimya kile kilikuwa kingine. Siku ya mwisho ya wiki, duka tupu, nikazima pasi.

"Sema," nikamwambia.

Akasema huku anafumua mshono, haniangalii. Bosi alikuwa mtoto mwema safari nzima. Alisoma mabango, aliuliza njia, alibeba maji ya wote. Wakapanga foleni kwenye ile treni. Punje akapita kwa dubu, watu wa foleni wakampigia makofi. Walipofika kwenye viti, mwenye treni akawaambia wanaovaa viatu vya wazi wavivue wasije wakavidondosha. Wote walikuwa wamevaa vya wazi, dada aliwanunulia vinavyofanana.

"Nikamwambia, njoo mwanangu, mimi na wewe kiti cha mbele. Akacheka. Akasema, 'Mama, kichwa changu hakipendi mizunguko siku hizi. Kaa na Punje, ataogopa. Leteni viatu nishike.'"

"Nikadhani anatania. Akavichukua. Vya baba yake, vya Kasuku, vya Punje, vyangu. Akavikumbatia hivi." Akanionyesha, gauni la mtu mikononi. "Ile treni ikapanda, polepole, inalia kwenye reli. Punje ameninasa mkono. Kule juu ikasimama kidogo kabla ya kushuka. Nikatazama chini, nikamwona yuko kwenye uzio, anatupungia."

"Labda kweli hakupenda, dada. Ni mkubwa sasa."

"Alikuwa anatabasamu," dada akasema. "Hana kinyongo hata chembe. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mimi wakati ule nilipewa pipi, nikachukia mpaka leo. Yeye sikumnunulia hata pipi." Akakata uzi kwa meno. "Punje alipiga mayowe, Kasuku alipiga mayowe. Mimi nikafumba macho. Nilimwahidi sifumbi."

Nikaenda kukaa karibu naye, kwenye kiti cha wateja. Nikamshika bega, akaniacha nimshike, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ningekuachia Punje," akasema.

"Ndiyo."

"Angekuwa wapi, kwako tu hapo. Angekula, angelala, asingekumbuka."

"Asingekumbuka, dada."

"Uliniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia," akasema.

Nje watoto wa shule walikuwa wanapita. Mama mmoja akaingia na binti yake mdogo, anataka sare mpya ya darasa la kwanza, akasema, "Bi Pindo, huyu niachie pindo kubwa, tafadhali, anakua huyu!" Dada akavuta futi shingoni, akapiga magoti mbele ya mtoto. Akampima mabega, akampima kifua, akarudia kifua mara ya pili. Kisha akabaki pale chini amemtazama yule mtoto usoni, futi imelegea mkononi, mpaka mama yake akaanza kuuliza kama kuna tatizo.